Ujumbe Ulikwenda kwa Simu ya Shemeji

Mpendwa dada,

Simu yako inaita mpaka inakatika yenyewe. Sijui kama umeizima mlio au huwa unaitazama tu ikiita. Tangu juzi nimeacha kupiga. Nimeamua kuandika, na ninaandika kwa ajili ya gazeti, ambapo wengine pia watasoma. Sababu nitakueleza nikifika huko.

Huku Ufipa juu baridi imeanza. Asubuhi wanawake wanakwenda sokoni wamejifunika vitenge mpaka masikioni, na mjini kinachozungumzwa ni kimoja: bima ya afya ya watu wote ilipie njia za uzazi wa mpango au isilipie. Wanabishana redioni, wanabishana kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Hata fundi aliyenibadilishia zipu ya koti aliniuliza, "Mwandishi, hivi mimi ninayechangia bima kila mwezi, nilipie sindano ya mke wa jirani?" Nikamwambia mbona malaria ya jirani anailipia. Akasema, "Malaria haina dhambi." Nililiandika jibu lake kwenye daftari, kama ninavyoandika ya kila mtu.

Nina miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii. Nimeripoti ajali, chaguzi, mbolea iliyochelewa, na kesi za mipaka ya mashamba ambazo hata mahakimu walizichoka. Mjadala huu ni wa kwanza ambao kila nikishika kalamu najua kuna jambo nimeliruka.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akihesabu watoto wake? Masista wa misheni ya kwetu Kaengesa walipomuuliza ana wangapi, alinyanyua vidole tisa, kisha akavikunja vitatu polepole, kimoja kimoja, na kila kimoja alikitaja jina. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi minane. Tulikuwa tumetoka shambani, miguu imejaa udongo wa matuta tuliyokuwa tukifukia nyasi. Njiani uliniambia, "Mimi sitakunja vidole." Sikuelewa. Nilidhani unazungumzia kuhesabu.

Ulizaa wanne, wote wazima. Baada ya wa nne ukaniambia umemaliza. Shemeji hakuwa amemaliza. Si mtu mbaya, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alihamishiwa huku kutoka Mbeya akiwa kijana wa ofisini mwenye begi moja, akakuoa kanisani, akajenga mtaa wa Izia, akajifunza hata kula mboga zetu zilizokaushwa bila kukunja uso. Kwao walizaliwa kumi. Alikuwa akisema "bado wawili" kwa sauti ya mtu anayesubiri wageni ambao tayari wako njiani.

Kwa hiyo ukaanza sindano ya miezi mitatu katika kliniki ya serikali, ambako ni bure dawa ikiwepo. Kadi ya kliniki hukuweza kuiweka nyumbani. Ukafanya kama wanawake wengi wa huku wanavyofanya, ukampa wa kwenu akutunzie. Yako ilikaa kwenye mtoto wa meza yangu ya kazi, katikati ya madaftari. Kila baada ya miezi mitatu ulifika ofisini na maharage kwenye mfuko, ukawasalimia wenzangu wote mmoja mmoja, kisha ukaniambia, "Naomba kitabu changu cha shule." Wenzangu walidhani unasoma elimu ya watu wazima. Mmoja wao alikuwa akikuuliza, "Dada, mtihani lini?" Nawe unamjibu, "Mtihani naufanya kila siku, baba."

Ninazikumbuka Jumapili za miaka ile kuliko kitu kingine chochote. Nikitoka misa ya pili nilikuja moja kwa moja kwako. Mimi sina mume wala mtoto, na mezani kwako hakuna aliyenifanya nilikumbuke hilo. Shemeji aliniwekea kiti upande wa dirisha na kunitania kabla sijanawa mikono. "Mwandishi amefika, ficheni siri." Au akionja mchuzi: "Mwandishi, andika basi kwamba leo chumvi imezidi, chanzo chetu hakikutaka kutajwa jina." Watoto walicheka hata walipokuwa hawajaelewa. Wewe ulimwambia, "Baba nanii, kula."

Kisha dawa ikakatika kliniki. Ulikwenda mara ya kwanza, nesi akasema haijafika. Ukaenda tena, haijafika. Mara ya tatu alikuambia kwa upole, "Mama yangu, mwambie baba avumilie." Ulinisimulia huku unacheka, lakini ulikuwa unahesabu siku. Niliona midomo ikienda.

Wiki ileile nilikuwa nimeandika habari kwamba kwenye bima ya watumishi, ile ya akina shemeji, huduma hizo zimeingizwa, na kwamba mwenye kadi anazipata bila kutoa chochote. Nilikuwa nimesoma waraka wote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Nikakwambia, "Una kadi ya bima kwenye pochi. Unahangaika nini?"

"Kadi ni ya baba watoto."

"Imeandikwa jina lako na ina picha yako. Ni haki yako."

"Haki yangu naijua," ulisema. "Ninachouliza ni kama ni salama."

Nikasema ni salama. Niliuliza waraka, waraka ukanijibu, nami nikakujibu wewe.

Tukaenda pamoja kwenye hospitali binafsi, dirisha la bima. Binti wa dirishani alichukua kadi, akaandika kwenye kompyuta, akauliza bila kunyanyua macho, "Namba ya simu ni hii hii iliyopo?" Ulinigeukia. Mimi nilikuwa na mkutano wa saa tano na nilikuwa nimeangalia saa mara mbili. Nikasema, "Ndiyo, ni hiyo hiyo."

Dada, kazi yangu ni kuuliza "ipi?" Ndiyo kazi yenyewe, yote. Ninawafundisha vijana wanaoanza: mtu akisema "yule", muulize yupi, akisema "kule", muulize wapi. Siku ile neno "ipi" lingechukua sekunde moja. Namba iliyokuwepo ilikuwa ya mchangiaji, yaani mume wako. Wewe kwenye ile mashine ulikuwa mtegemezi, na mtegemezi hana namba.

Jumapili iliyofuata ujumbe uliingia tukiwa tunakula. Unajua tabia ya shemeji ya kusoma kila ujumbe kwa sauti, hata wa matangazo. Alisoma: "Ndugu mwanachama, mtegemezi wako amepatiwa huduma ya uzazi wa mpango. Kama huitambui huduma hii..." Sauti ikaisha hapo. Mtoto wako wa pili akauliza, "Baba, mtegemezi ni nani?" Shemeji alinyanyuka, akachukua sahani yake, akaenda jikoni akaiosha mwenyewe. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akiosha sahani. Tulisikia maji yakimiminika muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Kikao kiliitwa baada ya wiki mbili. Baba mkubwa wa shemeji alipanda basi kutoka Mbeya, baba mdogo wetu akaja kutoka Kaengesa amevaa koti la harusi. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi wawili kwenye mkeka, mimi kushoto kwako. Shemeji hakufoka. Alisema kitu kimoja ambacho nimekibeba tangu siku hiyo: "Miaka mitatu nimekuwa nikimwomba Mungu mtoto, na mke wangu analala pembeni yangu anajua kwamba naomba bure." Baba yake mkubwa akasema mwanamke hajifunzi mambo haya peke yake, lazima kuna aliyemwonyesha njia. Unajua kwetu kikao hakifungwi bila kumjua mshauri. Mshauri akiwa wa ukoo wa mke, lawama inahamia ukoo mzima.

Baba mdogo akakuuliza, "Mwanangu, nani alikushauri?"

Ulinyoosha nyuzi za mkeka.

Akauliza tena, taratibu zaidi. "Sema tu. Hakuna atakayempiga mtu. Ni nani?"

Nje kuku wa jirani walikuwa wanachakura kwenye maganda ya maharage. Nakumbuka sauti hiyo kwa sababu niliisikiliza kwa bidii.

Akauliza mara ya tatu. Ndipo ukasema, "Hakuna. Nilijiamulia mwenyewe."

Kikao kikaandika hivyo. Ukatakiwa kuomba radhi, ukaomba. Kadi ya bima ikarudishwa kwa mume. Ukaambiwa hospitali huendi tena bila yeye kujua. Baba mdogo alitoka bila kukuangalia, na mimi nikamsindikiza stendi, nikamkatia tiketi, nikamwambia safari njema. Nilijiambia kwamba mwandishi haingii ndani ya habari. Nilijiambia pia kwamba nikisema, nitaongeza moto. Sababu zote mbili zilisikika vizuri, nami nikazitumia miezi mingi.

Baada ya mavuno ulikwenda kwa shangazi Kirando, ziwani, pamoja na mtoto wako wa mwisho, watatu wakabaki na baba yao kwa ajili ya shule. Ulisema unakwenda kumuuguza shangazi. Shangazi hakuwa mgonjwa.

Nilikufuata mara moja. Ulinipokea kama mgeni anavyostahili. Ulinipikia samaki wa migebuka, ukanitandikia kitanda chako, wewe ukalala na mtoto kwenye mkeka. Asubuhi tulianika dagaa pamoja kwenye zile chanja za mianzi na wavu, na ulizungumza juu ya jua, juu ya kunguru, juu ya wanunuzi wa Kongo ambao wanapenda dagaa wakavu kabisa. Nilikusubiri uanze. Nadhani nawe ulinisubiri. Mpaka gari lilipokuja, nimekwishapanda, ndipo ulipokuja dirishani ukasema, "Baba mdogo aliuliza mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa nakungoja wewe."

Gari likaondoka. 

Tangu siku hiyo hupokei simu yangu. Na mimi tangu kikao sijakwenda tena Izia, hata kuwaona watoto. Jumapili zangu sasa ziko hivi: nafua, napasi, napika wali ambao naumalizia Jumatatu, nasoma gazeti ambalo nusu yake nimeliandika mwenyewe. Wiki chache zilizopita niligundua kwamba tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi nilikuwa nimezungumza na mtu mmoja tu, muuza mkaa, na yeye tulikubaliana kwa vidole. Sikuambii hili ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na zamani ungekuwa wa kwanza kulijua.

Sasa nifike kwenye mkutano wa maoni uliofanyika hapa mjini.

Walipokuja wataalamu wa bima kukusanya maoni juu ya mjadala huu, nilikwenda ukumbini kuripoti. Watu walijaa. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisimama akasema, "Mnataka fedha zetu zilipie watu wasizae. Haya, nani atalima Ufipa?" Mama mmoja muuza ulezi akamjibu bila kunyanyuka, "Shikamoo baba. Wewe jembe ulishika lini mara ya mwisho?" Ukumbi ukacheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. Katekista akazungumza juu ya dhamiri ya anayechangia. Mganga wa zahanati akazungumza juu ya wanawake anaowapokea wamechelewa. Kijana mmoja akasema, "Wakubwa, kama ni bure kliniki, bima ya nini?" Mama wa ulezi akamwambia, "Mwanangu, bure iliyokatika si bure." Nililiandika hilo na kulipigia mstari.

Saa mbili zilipita wakibishana nani alipe. Hakuna aliyeuliza ujumbe unakwenda kwa nani.

Nikanyanyua mkono. Msimamizi akasema, "Waandishi maswali yenu mwishoni." Nikasema siulizi kama mwandishi. Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama katika mkutano wowote nilioripoti. Nikawaambia kwamba namjua mwanamke aliyepata huduma hii kwa kadi ya bima, bila kutoa hata senti, kama waraka ulivyoahidi, na kwamba ujumbe wa taarifa ulimfikia mume mezani, mbele ya watoto. Nikasema lipeni au msilipe, lakini kwanza amueni mtegemezi ana namba yake au hana. Mtaalamu mmoja akaandika, akasema ni hoja nzuri, wataichukua.

Ningeweza kukaa hapo. Ilikuwa hoja kamili. Nikaongeza, "Aliyemshauri mwanamke huyo ni mimi. Dirishani walipouliza kama namba ni ileile, aliyejibu ndiyo ni mimi."

Nilipogeuka kukaa, nilimwona shemeji. Alikuwa safu ya nyuma na wenzake wa ofisini.

Alinisubiri nje, karibu na baiskeli yake. Tulisalimiana kama watu waliokutana msibani.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe, shemeji," akasema.

"Nilikuwa mimi."

"Na ulikaa pale kwenye mkeka."

"Nilikaa."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Nilijua anamficha mtu. Mke wangu hajui kudanganya haraka. Mimi nilidhani ni mwanamume." Akashika usukani wa baiskeli. "Mwaka mzima nimekuwa nikiwatazama wanaume wa Izia mmoja mmoja."

Dada, hilo sikulijua. Katika hesabu zangu zote za madhara hilo halikuwemo. Kimya changu kilimpa mume wako mwaka mzima wa kukuwazia jambo ambalo hukulitenda, na wewe kule ziwani hukujua kwamba unahukumiwa kwa kosa la pili.

Nikamuuliza kama anakupigia. Akasema anapiga, hupokei. Watoto wakipiga kwa simu ya jirani unapokea, kwa hiyo wakizungumza na wewe yeye huenda kusimama upande wa pili wa nyumba, asije akasikia sauti yako akataka kuichukua ile simu. Aliniambia hivyo huku anakagua tairi la baiskeli lisilokuwa na tatizo. Kisha akasema, "Watoto wanauliza mbona mama mdogo haji. Nimewaambia una kazi." Akapanda akaondoka.

Gazetini tukikosea tunachapa masahihisho. Hayana maelezo mengi wala kuomba kueleweka. Haya ni yangu:

Kikao cha familia kilichofanyika Izia kiliambiwa kwamba mke hakushauriwa na mtu. Si kweli. Alishauriwa na mdogo wake, aliyemhakikishia kuwa ni salama bila kuwa na uhakika, aliyejibu swali la dirishani badala yake, na aliyekuwa ameketi kushoto kwake kwenye mkeka wakati swali likiulizwa mara tatu. Hakukuwa na mtu mwingine yeyote.

Baba mdogo nimemsomea masahihisho haya mwenyewe, Kaengesa, nikiwa nimepiga magoti. Alisema, "Umechelewa sana, mwanangu," kisha akaniuliza kama nimekula. Shemeji naye amesoma barua hii yote. Amefuta neno moja tu; nilikuwa nimeandika kwamba siku ya kikao alikuwa mpole. Akasema kama ningekuwepo walipoondoka wageni, nisingeliandika.

Sababu ya kuandika gazetini ni kwamba kosa lako lilisemwa mbele ya watu na langu likabaki mezani kwangu. Lakini safari hii sitaamua peke yangu kwamba ni salama. Nakala ya kwanza nampa dereva wa lori la dagaa, aiweke mkononi mwa shangazi, shangazi akupe. Hakuna jina humu, lakini Izia watakujua, na Kirando pia. Nimemwambia mhariri: dada yangu akisema isitoke, haitoki. Akinyamaza, haitoki pia, kwa sababu nimekwisha kuutumia vibaya ukimya wako. Mpaka useme itoke.

Kwa hiyo kama yupo mtu mwingine anayesoma mstari huu, ni kwamba ulinijibu.

Ubaki salama, na mtoto, na shangazi.

Mdogo wako